Waya Tulioushusha Mazukuni

Mmeniomba niwafundishe kupima kelele za umeme kwenye waya wa data wa roboti zenu. Nitawafundisha, maana kazi naijua. Lakini kama mnatafuta mtu wa kuwatia moyo, mmekosea mlango. Moyo wa kugawa sina. Nimekaa hapa Majengo, miguu imevimba, umeme unakuja ukijisikia, na vijana wa kwanza niliowafundisha wametawanyika. Mmoja simpati hata kwenye simu. Nitasema mambo yalivyokuwa, nanyi mchukue mtakachoweza kubeba.

Kwanza mjue mnaongea na nani. Kazi yangu ilikuwa foni, ile redio kubwa ya sauti ambayo wafanyabiashara waliitumia kuongea na Butembo na Kisangani kabla simu za mkononi hazijafika. Nilianza kama msichana wa kukaa mbele ya kipaza sauti na kuita majina ya miji kutwa nzima. Nikaishia kuwa fundi, kwa sababu fundi aliyekuwepo, Papa Bonane, alichoka kuitwa kila redio inapokohoa. Siku moja alinipa bisibisi akasema, "Mama, anza kufungua weye mwenyewe, mimi niko nazeeka." Alikuwa hajazeeka hata kidogo, alikuwa mvivu tu. Tangu hapo watu wananiita Mama Foni, na jina limebaki ingawa foni zenyewe zilishauzwa kama vyuma chakavu.

Jambo la kwanza Papa Bonane alilonifundisha ni kwamba Goma haina udongo. Redio inataka waya mmoja uzikwe ardhini ili umeme upate pa kutulia. Butembo unapiga chuma kwenye udongo mwekundu na kazi imekwisha. Sisi tumejenga juu ya lava iliyopoa. Unaweza kupiga chuma mpaka mikono ipasuke, kisha ukawa umekitia jiwe tu, na jiwe halipokei umeme. Papa Bonane alichimba shimo nyuma ya ofisi, akalijaza makaa yaliyosagwa, chumvi na udongo wa shambani, akasimika chuma chake humo. Wakati wa kiangazi shimo lilikauka na redio ikaanza kukwaruza. Hapo alikuwa na dawa yake.

Nakumbuka mfanyabiashara mmoja wa Kiwanja, mtu wa tumbo na heshima zake, alikuja kumwita mke wake aliyekuwa safarini Kisangani. Papa Bonane akasimama mlangoni.

"Papa, mbele ya kuongea, tafazali pita kwanza kule nyuma, ukojoe pale kwenye chuma."

"Miye? Minakuya kuongea na bibi yangu, weye unanituma kukojoa?"

"Njo hivyo, papa. Bila kukojoa hautamusikia."

Alikwenda huku akitukana ukoo mzima wa Papa Bonane. Aliporudi, sauti ya mke wake ilifika safi kabisa, na jambo la kwanza alilosema mama yule ni kwamba pesa ya matumizi imekwisha. Mzee wa watu alitamani chuma kiendelee kuwa kikavu. Mimi kwa sababu zinazoeleweka nilikuwa nabeba ndoo ya maji ya chumvi.

Nimeanza na kichekesho kwa sababu vichekesho viko mwanzoni. Mbele sivioni.

Nilipokuwa nimeshaacha kazi, alikuja Aline, binti wa jirani yangu aliyekuwa anasomea umeme chuoni. Alikuja na Kambale, kijana wa Butembo, mrefu, mwenye haraka ya kila kitu. Walikuwa na klabu yao katika chumba cha nyuma ya duka la saruji, wakitengeneza roboti kwa mota za printa zilizokufa na magurudumu ya magari ya watoto. Shida yao: roboti ilikuwa inacheza peke yake. Kila fundi wa kuchomelea wa jirani alipowasha mashine yake, roboti iligeuka, ikapiga ukuta, ikarudi nyuma. Mama wa duka la saruji alishaanza kuiombea.

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo penye somo. Waya wa data hupeleka herufi moja nyuma ya nyingine. Umeme ukiwa juu ni moja, ukishuka ni sifuri, basi. Kelele ni umeme mwingine ambao hukuualika. Unaingia kwenye waya na kugeuza moja kuwa sifuri. Kwenye foni yangu ya zamani, kelele ikiingia, sikio linajua: unasikia mkwaruzo, unamwambia mtu arudie. Kwenye waya wa data husikii kitu. Upande wa pili unasoma kilichofika, na kama kilichofika ni uongo, unakuandikia uongo kwa namba nzuri zilizonyooka. Hilo ndilo lililonitia hofu tangu siku ya kwanza, na mpaka leo linanitia hofu.

Kwa hiyo mtafute namna ya kusikia. Chukueni redio ndogo ya betri, ya masafa ya kati, muiweke mahali pasipo na stesheni, kisha muipitishe taratibu kando ya waya. Mota yenye kelele italia humo kama nyuki. Mtasikia mahali kelele inapoingia, mtapaona kwa sikio. Halafu muiambie roboti itume herufi U bila kukoma. Ni U kwa sababu, ikigeuzwa kuwa umeme, inakuwa sifuri moja, sifuri moja, bila kupumzika. Redio itaimba sauti moja iliyonyooka, na kwenye kompyuta mtaona safu za U tu. Ikitokea herufi nyingine katikati, mjue mgeni ameingia. Na msipime waya uliolala! Washeni mota, pigeni simu karibu yake, mngojeeni yule wa kuchomelea awashe. Papa Bonane alikuwa akisema redio inayofanya kazi kwenye meza ya fundi haijafanya kazi bado.

Aline alinipita mapema, na nilifurahi. Yeye ndiye aliyefikiria kuifanya kadi, ule ubongo mdogo wa roboti, ijumlishe herufi zote inazotuma na kuipeleka ile jumla mwishoni, ili upande wa pili ujumlishe nao na kulinganisha. Isipolingana, namba inatupwa. Foni haikuwa na kitu kama hicho. Nilimwambia, "Mwanangu, hiyo akili nzuri." Akaniambia iko kwenye kila kitabu.

Sasa nije kwenye mazuku.

Nyinyi wa Goma mnayajua. Wa mbali niwaambie kwamba ni hewa mbaya inayotoka chini ya mawe ya lava na kujikusanya mabondeni. Haina rangi, mara nyingi haina harufu, na ni nzito, hivyo inalala chini. Mbuzi anashuka kula majani, harudi. Mtoto anamfuata mbuzi. Alfajiri, upepo ukiwa umetulia, hewa hiyo hupanda hadi ukingoni, na jua likipasha mawe hushuka tena.

Aline alikuwa anakwenda na kikundi cha kanisa kupeleka nguo katika kambi ya waliokimbia vita, upande wa magharibi wa mji. Huko alimkuta Mama Espérance, aliyekuwa akiuza maharage sokoni Kiwanja kabla ya kukimbia. Alikuwa amefunga turubai lake ukingoni mwa shimo la lava, mahali ambapo wenyeji hawajengi, na ndiyo maana palikuwa wazi. Alikuwa na mtoto wa kiume, Innocent, ambaye alikuwa amejifunza kukimbia juzijuzi tu. Kila asubuhi mtoto aliamka amelegea, kichwa kinamuuma, anatapika. Jua likipanda anacheza kama wengine. Walimpa dawa ya malaria, ikaisha, na mambo yakabaki yaleyale. Kuku wa mama walikuwa wameshakufa.

"Mimi ninapimaka na buji," Mama Espérance alituambia siku Aline alipotupeleka kwake, mimi na Kambale. "Kila mangaribi ninaiweka chini, inawaka muzuri. Sasa mazuku itakuwa namna gani?"

Kupima kwa buji, yaani mshumaa, ni desturi ya huku, na si ya kijinga: moto ukizimika, kimbia. Lakini Aline alimweleza kwa upole kwamba mshumaa huzimika hewa ikiwa imeshaharibika sana. Mtoto aliyelala chini anaumia kabla ya mshumaa. Na jioni si alfajiri. Mama Espérance alimtazama mtoto. Akasema, "Basi munipimie. Kama ni mazuku, nijue. Kama haiko mazuku, nilale."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Si mashindano, si zawadi. Mwanamke alitaka kujua kama mahali anapomlaza mwanawe panamuua.

Vijana walitengeneza kigari cha magurudumu manne. Juu yake walifunga kipima hewa ambacho Aline aliazimwa na mwalimu wake, na waya mrefu ukapanda kutoka kwenye kigari mpaka kwenye kompyuta juu. Ndani ya waya uleule walipitisha data na umeme wa mota. Niliwaambia haifai, wakasema watajaribu kwanza. Chumbani, nyuma ya duka la saruji, kilifanya kazi bila kosa.

Siku ya kwanza tulikishusha katikati ya asubuhi. Kigari kilishuka, kikasimama kati ya mawe, gurudumu moja limekwama. Namba kwenye kompyuta ilisema hewa ya shimoni ni safi kuliko ya nyumbani kwangu. Wakati huo Aline alikuwa bado hajaandika ile programu ya kulinganisha jumla. Kambale akaanza kuvua viatu.

"Ninashuka kukiinua. Namba iko muzuri."

"Wacha!" Aline alimshika shati. "Iko muzuri sana. Kule chini haiwezi kuwa muzuri vile. Mama Espérance, letea sisi buji."

Walifunga mshumaa kwenye mti mrefu, wakaushusha kidogokidogo. Ulizimika kabla ya kufika kwenye kigari. Tuliuvuta, tukauwasha, tukaushusha tena, ukazimika palepale. Kambale alikaa juu ya jiwe na viatu vyake mkononi. Alikuwa karibu kufa kwa ajili ya namba. Mimi na Aline tuliuvuta waya mpaka gurudumu likanasuka, kigari kikapanda.

Hapo ndipo tulipoanza kupima kweli. Kando ya kambi kulikuwa na kibanda cha kuchajia simu chenye jenereta ndogo iliyochoka, na nilipowasha redio yangu karibu na waya wetu, jenereta ile ililia humo utadhani iko mfukoni mwangu. Kambale alikuwa ameshapata dawa. Waya wetu ulikuwa na ngao, ule wavu wa nje wa kuzuia kelele. Akauunganisha na chuma kirefu, akakipiga kwenye mawe kwa nyundo.

"Sasa kelele itaingia mu ardhi," alisema. "Kwetu njo tunafanyaka hivyo."

Kwao kuna udongo. Nilimpa redio, nikamwambia aisogeze mwenyewe kwenye chuma chake. Ililia zaidi pale kuliko mahali pengine popote. Chuma kilikuwa kimesimama kwenye lava kama antena, kinakusanya kelele ya jenereta na kuimimina kwenye ngao yetu. Kambale alicheka kwa mara ya kwanza tangu ule mshumaa, akakichomoa. Niliwasimulia habari za yule mfanyabiashara wa Kiwanja, na Mama Espérance, ambaye alimjua mtu wa namna ileile sokoni kwao, alicheka mpaka akashika ubavu. Hiyo ndiyo mara pekee nilimwona akicheka.

Basi andikeni, au wekeni kichwani. Goma msiitegemee ardhi. Umeme unaotoka mpeni njia yake mwenyewe ya kurudi. Tuliweka betri ya mota juu ya kigari chenyewe, ili umeme mkubwa usipite tena karibu na data. Tulisokota waya wa data pamoja na waya wake wa kurudi, nyuzi mbili zikikumbatiana mwanzo hadi mwisho, maana kelele inayozipata zote mbili sawasawa haina ubaya mwingi. Ngao tukaifunga upande mmoja tu, upande wa kompyuta. Kwenye miguu ya kila mota tukatia kondensa ndogo ya kumeza kelele. Kwenye ncha za waya tukavalisha yale mavimbe meusi mnayoyaona kwenye nyaya za chaja za kompyuta zilizokufa. Msiyatupe hayo kamwe. Tukapunguza mwendo wa data mpaka ukawa wa konokono, kwa sababu hewa haina haraka. Na kigari kikafundishwa adabu: kisimame kwanza, kizime mota, ndipo kiseme.

Kisha nikakaa ukingoni na redio sikioni, kigari kikiwa chini kinatuma U, jenereta inawaka, watu wanachaji simu zao. Sauti ilitoka moja, imenyooka, haikukatika. Kwenye kompyuta zilishuka U tupu, ukurasa baada ya ukurasa. Aline akawasha ile programu ya jumla, na hakuna namba hata moja iliyotupwa. Tulifurahi kama wajinga. Kambale alinibeba, mimi na miguu yangu. Nasema wazi kwamba hiyo ni moja ya furaha kubwa za maisha yangu, na ninaionea aibu.

Kesho yake tulifika mapema, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya mawe. Tuliweka kipima hewa ndani ya kibanda cha Mama Espérance, juu ya mkeka, mahali kichwa cha Innocent kinapolala. Mtoto alikuwa nje mgongoni mwa mama yake. Namba zikaanza kupanda. Zilipita mstari mwekundu ambao Aline alikuwa ameuchora, zikaendelea, zikakaa juu. Kambale akauchunguza waya. Akaisogeza redio. Akatuma U. Nilimwona anatafuta kelele, anaomba kelele iwepo, na mimi pia niliiomba. Miaka yote nimekuwa adui wa kelele, na asubuhi ile ningemlipa mtu aniletee kidogo. Waya ulikuwa safi.

"Inasema nini?" Mama Espérance aliuliza.

Aline akamwambia. Alimwambia yote, hakupunguza.

"Aksanti," alisema. Akampandisha mtoto vizuri mgongoni, akafunga kitenge upya. "Sasa munionyeshe kwenye nitaenda."

Nilitazama huku na huko, na nyinyi mngetazama vilevile: turubai juu ya turubai, kamba zimepishana, hakuna hata pa kuweka sufuria. Tulikuwa tumepigana na waya wiki nyingi kutafuta jibu, na kati yetu wote hakuna aliyefikiria kwamba jibu linahitaji nafasi ya kulala watu wawili.

Tulikwenda kwa mkubwa wa sehemu ile ya kambi, mtu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Aline alimwonyesha namba. Hakubisha.

"Ninajua, dada. Bote bako ku hii mawe banajua. Nitamutafutia fasi wapi? Nikimuweka ku fasi ya mwingine, ule mwingine ataenda wapi?"

Tukarudi tukainua kitanda. Vijana walikusanya mawe, wakapanga, wakaweka mbao juu yake. Kule juu namba ilikuwa ndogo zaidi, lakini bado haikuwa nzuri. Mama Espérance alianza kulala ameketi, mtoto amemshika kifuani, na Aline aliendelea kumsumbua yule mkubwa kila siku mpaka mtu akawa anajificha akimwona. Mwishowe nafasi ikapatikana, karibu na vyoo, kwa bibi mzee aliyefariki. Mama Espérance alihama. Innocent aliacha kutapika. Kama ningekuwa mtu mwema, ningeishia hapa, mngekwenda nyumbani mmefurahi.

Lakini tulirudi kuchukua waya wetu. Pale ukingoni, juu ya mawe yaleyale tuliyoyapanga, palikuwa na turubai jipya. Kambale alikuwa ameandika HATARI kwa rangi nyekundu kwenye jiwe, na juu ya jiwe hilo walikuwa wameanika nguo za watoto. Mwanamume mmoja alitoka, bado ana vumbi la njia ya Masisi, watoto watatu nyuma yake, mkubwa amembeba mdogo.

Aline alianza kumweleza. Mwanamume akainua mkono taratibu, bila hasira.

"Tunajua, dada. Ule mama alituambia yote. Ni hapa tu kulikuwa wazi." Akatazama kompyuta iliyokuwa mkononi mwa Kambale, akaitazama kwa heshima. "Banasema hii chombo yenu haidanganyake. Basi muniambie tu, inapandaka saa ngapi? Nitakuwa ninabaamusha batoto mbele yake, basimame."

Aline alinigeukia, mimi niliyekuwa mkubwa wa pale. Nikainamia waya niliokuwa naukunja. Aline akaichukua kompyuta kwa Kambale, akaifungua, akatafuta zile namba za alfajiri, akamsomea saa. Mwanamume aliirudia kwa sauti ndogo ili asiisahau, kisha akainama akawafundisha watoto saa hiyo.